Chora milango kabla ya kuba: jibu kwa mwandishi anayejenga bunge la nchi isiyokuwepo

*"Ninaandika riwaya kuhusu nchi ya kubuni, Jamhuri ya Tumbawe, yenye watu milioni 8. Mji mkuu wake, Mkondoni, uko pale mto unapoingia baharini. Kilele cha riwaya ni usiku ambao serikali inaangushwa kwa kura moja. Jengo la Bunge nimelichora juu ya kilima: kuba kubwa kuliko la Washington, chini yake ukumbi wa duara kamili wenye wabunge 500 ili kuonyesha kwamba wote ni sawa, na mlango mmoja mkubwa mbele. Watu wawili waliosoma rasimu wameniambia jengo linafanana na kadi ya posta, hawaamini kama kuna mtu anafanya kazi humo. Pia kuna kikundi cha maigizo kinachotaka kuigiza sura hiyo, nao watajenga jukwaa lenye ngazi za kukalia wabunge. Nimekosea wapi? Je, nisome usanifu kwanza? Na jengo nilipe jina gani?"*

Ndugu mwandishi, nilivyokuelewa, shida si kwamba jengo lako ni baya. Shida ni kwamba halijawahi kutumika. Umelichora kama anavyoliona mtalii aliyesimama ng'ambo ya barabara, wakati mbunge, karani na mfagizi hawalioni hivyo hata siku moja. Wao wanajua mlango wa nyuma, lifti inayokwama, korido ambayo watu hunong'onezana kabla ya kura.

Kusoma usanifu huhitaji. Unahitaji kuandika kanuni za Bunge lako, hata zikiwa ukurasa mmoja tu. Sisi tunaochora majengo ya umma huanza na maswali makavu: nani anaingia kupitia wapi, anakaa karibu na nani, anapiga kura vipi, na akikasirika anatokea wapi. Ukishayajibu hayo, nusu ya ramani umeipata. Kuba huja mwishoni, na fedha zikipungua ndilo la kwanza kukatwa.

Nianze na idadi, maana hapo marekebisho ni mepesi. Wabunge 500 kwa watu milioni 8 ni wengi mno. Mwaka 1972 mwanasayansi ya siasa Rein Taagepera alionyesha kwamba ukubwa wa mabunge mengi hukaribia kipeuo cha tatu cha idadi ya watu, yaani ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu unapata idadi ya watu. Kwa milioni 8, jibu ni 200. Si sheria, ni mwelekeo tu. Kenya, kwa hesabu hiyo, ingekuwa na wabunge kama 360, na Bunge lake la Taifa lina 349 bila kumhesabu Spika. Uingereza imezidi sana, kwa kuwa ina 650 wakati hesabu ingeipa kama 400. Marekani imepungukiwa: ina wawakilishi 435 ilhali ingestahili karibu 700. Kwa hiyo ukitaka kubaki na 500 unaweza, ila lazima riwaya iwe na sababu. Labda chama tawala kilizidisha majimbo ili kugawa vyeo. Hiyo ni hadithi nzuri, lakini itaje.

Idadi hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa ukumbi. Kiti, meza na nafasi ya kupita vinahitaji kati ya mita mraba 1.5 na 2 kwa kila mbunge. Wabunge 500 wanaweza kudai mita mraba 1,000, na hilo likiwa duara, kipenyo chake ni kama mita 36. Sasa fikiria sura yako ya kilele. Kwa umbali huo unaona kwamba mtu amesimama. Huoni kama midomo inamtetemeka. Ukiwa na wabunge 200, ukumbi unarudi kwenye kimo cha binadamu, na mhusika wako anaweza kumtazama machoni aliyemsaliti.

Sasa tuje kwenye duara. Imani kwamba duara huleta usawa ni ya zamani na inapendeza, nami sikulaumu, lakini kiti cha Spika lazima kiwe mahali fulani. Kikishawekwa, duara limepata kichwa na mkia. Walio mkabala naye wanaonekana. Walio mgongoni mwa msemaji wanaona kisogo. Ujerumani iliwahi kujaribu kwa nia njema kabisa: mwaka 1992 Bunge lake lilifungua mjini Bonn ukumbi wa duara uliosanifiwa na Günter Behnisch, wenye kuta za vioo, ili wananchi waone kila kitu. Kichekesho ni kwamba mwaka 1991 Bunge hilohilo lilikwisha kupiga kura ya kuhamia Berlin, na mwaka 1999 likahama. Ukumbi mpya wa Berlin haukuwa tena duara kamili.

Mpangilio unaoenea zaidi duniani ni nusuduara, nao una kumbukumbu iliyofichwa ndani ya maneno tunayotumia kila siku. Mwaka 1789, kwenye Bunge la Ufaransa, waliotaka mfalme abaki na nguvu za kupinga sheria walikaa kuliani kwa mwenyekiti, na wapinzani wao kushotoni. Leo tukisema mwanasiasa ni wa mrengo wa kushoto, tunataja kiti ambacho mtu fulani alikikalia zaidi ya miaka 200 iliyopita. Nusuduara hufaa nchi yenye vyama vingi vinavyounda serikali za muungano. Mtu anaweza kusogea viti vitatu upande wa pili, na watu wakaelewa kwamba msimamo wake umebadilika kidogo.

Mpangilio wa London ni mwingine kabisa: safu mbili zinazotazamana. Haukubuniwa na mwanafalsafa yeyote. Katikati ya karne ya 16 wabunge walipewa kanisa dogo la kasri, ambamo viti vya waimbaji vilikuwa vimepangwa vikikabiliana, nao wakavikalia. Ajali hiyo ya fanicha ikageuka kuwa mfumo wa siasa: upande huu serikali, upande ule upinzani, na anayetaka kuhama chama analazimika kuvuka sakafu tupu huku wote wakimwangalia. Bomu lilipouteketeza ukumbi mwaka 1941, Winston Churchill alisisitiza bungeni mwaka 1943 kwamba ujengwe upya kwa umbo lilelile la mstatili, tena uwe mdogo kuliko idadi ya wabunge. Mpaka leo una viti kama 427 kwa watu 650. Hoja yake ilikuwa kwamba ukumbi mkubwa huonekana mtupu siku za kawaida na mijadala hupoa, lakini ukumbi mdogo ukijaa, wengine wakisimama milangoni, kila mtu anahisi kwamba jambo zito liko mezani.

Kwa riwaya inayoishia kwa kura moja, mimi ningechagua safu zinazotazamana. Nakiri zina ubaya wake. Zinamlazimisha msomaji kuiona siasa kama ugomvi wa pande mbili, na kama Tumbawe ina vyama vitano, zitakusumbua. Hapo nusuduara itakufaa zaidi, ila utakosa ile safari ya kuvuka sakafu.

Tuje kwenye kura yenyewe, kwa sababu naona hapo ndipo jengo lako lilipokosa pumzi. Umeandika kwamba serikali "inaangushwa kwa kura moja", lakini hukusema kura inapigwa vipi. Ukitumia kura ya sauti, "wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo", tofauti ya mtu mmoja haiwezi kusikika kwa sikio la yeyote. Spika atasema walioafiki wameshinda, watu watapiga meza, na lazima kanuni iwape nafasi ya kudai hesabu. Ukitumia vitufe, matokeo hutokea ubaoni kwa sekunde chache; msisimko wote utabanwa kwenye kidole kimoja. Ukitumia kuita majina, una wimbo mrefu wa ndiyo na hapana, na mpangilio wa herufi unakuwa silaha, kwa sababu mwenye jina linaloanza kwa Z anajua anachobeba kabla hajafungua mdomo.

Njia ya nne ni ya miguu. Kule Westminster, yaani kwenye Bunge la London, kengele hulia jengo zima, na wabunge wana dakika 8 za kufika kabla milango haijafungwa. Wanaokubali hupita korido moja, wanaokataa hupita nyingine, wakihesabiwa mmoja mmoja wanapotoka. Hapa usanifu ndio unaopiga kura. Mbunge aliyekuwa ghorofa ya nne akingoja lifti anaweza kuangusha serikali.

Na serikali iliwahi kuanguka hivyo kweli. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya Waziri Mkuu wa Uingereza James Callaghan ilishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Mbunge wake mmoja, Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa mahututi. Desturi ya Bunge lile inaruhusu mgonjwa kuhesabiwa bila kupita koridoni, mradi awe ndani ya mipaka ya eneo la Bunge, hata akiwa amelala kwenye gari la wagonjwa uani. Angeweza kuletwa. Lakini safari yenyewe ingeweza kumuua, na Callaghan akaamua asiletwe. Broughton alifariki siku chache baadaye. Ukiyatazama hayo kwa jicho la msanifu, unaona vitu viwili ambavyo kilima chako chenye ngazi hakina: ua ambao gari linaweza kuingia, na mpaka unaosema hapa ni ndani, pale ni nje. Mchoree Tumbawe ua huo. Utapata sura nzima ya riwaya humo, ya watu wanaongoja kusikia injini ya gari.

Mlango wako mmoja nao ungeuongezea wenzake. Bunge huwa na mlango wa wabunge, wa wananchi wanaokwenda jukwaa la wageni, wa waandishi wa habari, wa mizigo ya jikoni, na wa mkuu wa nchi. Huo wa mwisho una uzito kuliko wote. Mwaka 1642 Mfalme Charles I aliingia kwenye Bunge la London na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wamekwisha toroka. Tangu hapo mfalme wa Uingereza haingii katika ukumbi wa wabunge wa kuchaguliwa, na mjumbe wake hufungiwa mlango usoni kwanza, kisha abishe hodi. Jiulize rais wa Tumbawe anaingilia wapi, anaruhusiwa kufika umbali gani, na nani mwenye mamlaka ya kumzuia. Siwa, ile rungu ya mamlaka ya Bunge, ikiwa mezani Bunge liko kazini. Je, rais anaweza kuivuka?

Sasa kuba, ambalo najua unalipenda. Kwanza, chini ya kuba la Washington hakuna kikao kinachofanyika. Pale chini ni ukumbi wa mapokezi na kumbukumbu. Seneti na Baraza la Wawakilishi wanakaa kwenye mabawa ya pembeni, kila mmoja upande wake. Pili, kuba lile si la mawe kama picha zinavyodanganya. Ni chuma cha kusubu kilichopakwa rangi, chenye uzito wa karibu tani 4,000, na kazi yake ilianza mwaka 1855 ikakamilika mwaka 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikipita katikati.

Zipo sababu za kiufundi za kutoweka wasemaji chini ya kuba tupu. Uso uliojipinda kwa ndani hukusanya sauti kama kioo cha kurunzi kinavyokusanya mwanga. Neno linalosemwa hapa linaweza kusikika wazi mita 20 kule, huku jirani akipata mwangwi tu. Hewa ya moto nayo hupanda na kukaa juu. Anayetaka kuba juu ya ukumbi lazima alipe kazi. Msanifu Norman Foster alifanya hivyo kwenye Bunge la Berlin mwaka 1999: ndani ya kuba la kioo akaning'iniza koni yenye vioo 360 vinavyoshusha mwanga wa mchana ukumbini, na hewa iliyochoka hutolewa kupitia koni hiyohiyo. Wananchi hupanda njia ya mzunguko juu ya vichwa vya wabunge wao. Kwa hiyo ukibaki na kuba, lipe kazi au lipe kasoro. Kasoro ningeipenda zaidi: kona moja ambapo mnong'ono wa waziri hufika kwenye jukwaa la wageni, na mfagizi mmoja tu ndiye anayeijua.

Ukubwa wa kuba, kusema kweli, haunisisimui.

Kinachonisisimua ni kwamba jengo lako halina umri. Majengo ya mabunge huungua, hubomolewa nusu, hurithiwa kutoka kwa watu waliochukiwa. Kasri la Bunge la London liliteketea tarehe 16 Oktoba 1834 kwa sababu makarani waliagiza vijiti vya zamani vya hesabu za serikali vichomwe kwenye matanuri yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Mabwana, yaani wale wasiochaguliwa, na moto ukapanda kupitia mabomba ya moshi. Hebu fikiria: taifa linachoma stakabadhi zake, stakabadhi zinaichoma nyumba. Kule Ottawa, mwaka 1916, jengo kuu liliungua lakini maktaba ikasalimika kwa kuwa mfanyakazi mmoja aliwahi kuifunga milango yake ya chuma. Na ukitaka jengo linalobeba historia ya nchi nzima, liangalie la Dhaka. Louis Kahn alianza kulisanifu miaka ya 1960, Dhaka ikiwa bado Pakistan Mashariki. Bangladesh ikajitenga mwaka 1971, msanifu akafariki mwaka 1974, na jengo likakamilika mwaka 1982. Nchi moja iliweka msingi, nchi nyingine ikaezeka.

Vipi kama Tumbawe nayo ilirithi jengo? Tuseme mtawala wa zamani alilianza kama ikulu, uhuru ukamkuta kuba halijafungwa, na serikali mpya ikaliezeka kwa mabati ya muda ambayo yako mpaka leo. Fedha nazo ni sehemu ya tabia ya jengo. Bunge la Scotland lilikadiriwa mwanzoni kutozidi pauni milioni 40. Lilipofunguliwa mwaka 2004, miaka 3 baada ya muda uliopangwa, gharama ilikuwa imefika kama milioni 414. Wasomaji wako watalitambua jengo lenye deni haraka kuliko lenye nguzo.

Kilima pia kinahitaji swali: nani alikuwa anakaa pale kabla? Kama hujapenda jibu lolote, shuka mtoni. Msanifu Geoffrey Bawa aliliweka Bunge la Sri Lanka, lililofunguliwa mwaka 1982 huko Kotte, kwenye kisiwa katikati ya ziwa. Australia nayo ilikuwa na kilima Canberra, ikafukia sehemu ya jengo lake la 1988 na kupanda majani juu ya paa. Ila mto una adabu zake. Kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa Mto Thames ulikuwa mkali kiasi kwamba mapazia ya Bunge la London yalilowekwa kwenye chokaa ya klorini, na wabunge waliokuwa wameahirisha suala la mifereji ya maji machafu kwa miaka wakapitisha sheria yake upesi. Mkondoni iko kwenye mdomo wa mto. Upepo ukigeuka, nini kinaingia madirishani?

Sasa hilo la kikundi cha maigizo, na hapa nitazungumza kwa ukali kidogo. Yote niliyosema juu unaweza kuyafanya mezani kwako. Jukwaa la ngazi, hapana. Watu 30 waliokaa kimya ni mzigo mmoja. Watu 30 wanaoinuka kwa pamoja na kukanyaga mbao kwa kishindo kura inapotangazwa ni mzigo mwingine kabisa, kwa sababu mtikisiko unaongezeka juu ya uzito. Majukwaa ya muda mara nyingi hushindwa pembeni, kwenye viungo na viegemeo, si katikati ya ubao. Fundi seremala mzuri anaweza kulijenga, lakini mwiteni mhandisi wa miundo alikague kwa macho na mikono kabla ya mazoezi ya kwanza, si usiku wa onyesho. Aangalie viegemeo vya kuzuia kuyumba, reli za nyuma, na njia mbili za kushukia. Mimi siwezi kukuthibitishia jukwaa nisiloliona, na yeyote atakayekuthibitishia kwa picha ya simu usimsikilize.

Na kabla hujaandika rasimu ya pili, nenda ukakae nusu siku kwenye jukwaa la wageni la bunge lolote unaloweza kulifikia. Hotuba usizijali sana. Angalia mpambe anasimama wapi, nani anasinzia, karatasi zinatoka mlango gani, wabunge wa pande mbili wanasalimianaje wakidhani hawaonekani. Ukimpata karani mstaafu wa Bunge akubali kuongea nawe, atakufaa kuliko wasanifu kumi, mimi nikiwemo.

Jina, basi. Lipe mawili. La kwanza la kwenye jiwe la msingi, refu, lenye neno Taifa au Umoja, ambalo hakuna mhusika wako atakayelitamka isipokuwa Spika. La pili la mitaani. Kule Wellington jengo la mawaziri lililo ubavuni mwa Bunge linaitwa na wote Mzinga wa Nyuki kwa sababu ya umbo lake. Kama utakubali kuba lililoezekwa mabati, watu wa Mkondoni wangeweza kuliita Kofia. Waziri mpya "ameingia Kofiani", aliyeshindwa uchaguzi "kofia haikumtosha". Na asubuhi baada ya kura ile moja, muuza magazeti anahitaji maneno mawili tu ya kupiga kelele barabarani: "Kofia imevuliwa!"